Hisa, Ploti na Jicho

Eneo la Ruiru na Thika, nchini Kenya, lilikuwa la mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru, wananchi wengi katika sehemu hizo walichanga akiba zao kupitia kampuni za kununua ardhi, wakapewa vyeti vya hisa. Hisa moja ilikuwa sawa na nyingine yoyote. Hakuna aliyeulizwa anataka ipi. Kisha ikaja siku ya baloti. Mwanachama alichomoa kikaratasi chenye namba, na tangu hapo hisa yake ikawa ploti fulani, yenye bikoni zake za mpaka, mteremko wake na majirani wake.

Migogoro mingi ya ardhi huzaliwa katika hatua hiyo, pale kitu kinachoweza kubadilishwa na mwenzake kinapogeuka kuwa cha pekee. Udongo haunakiliki, karatasi inanakilika. Daftari la wanachama likishikwa na watu wasiowajibika kwa yeyote, ploti moja hupata wamiliki wawili au watatu, kila mmoja na cheti chake mkononi. Mnunuzi aliyeuza ng'ombe na kukopa kwenye chama ndiye anayeumia.

Aprili 2021 Serikali ya Kenya ilizindua Ardhisasa, mfumo wa kuweka kumbukumbu za ardhi mtandaoni. Ni hatua njema: faili halipotei kwa urahisi, na sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, haimlazimu mtu kumbembeleza karani. Lakini kompyuta hutunza uongo kwa uaminifu uleule inaotunza nao ukweli. Mahakama ya Juu ililiweka wazi jambo hili Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa: hati miliki haitoshi peke yake ikiwa mzizi wake ulikuwa haramu. Haki ya mwenye ardhi hutokana na namna alivyoipata. Hati huja kuishuhudia tu.

Mwezi uleule wa kuzinduliwa Ardhisasa, mwanariadha Eliud Kipchoge aliuza kwa mnada kumbukumbu za kidijitali za ushindi wake, zilizosajiliwa kama tokeni za pekee. Picha na video za mbio zake zilibaki wazi kwa ulimwengu mzima. Alichopata mnunuzi ni jina lake kuandikwa kwenye daftari ambalo wengine wamekubali kuliheshimu. Siku wakiacha kuliheshimu, hakuna bikoni ya kwenda kuonyesha.

Miaka miwili baadaye biashara iligeuka kinyume. Mnamo 2023 maelfu walipiga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, ili mashine ya Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, ipige picha ya mboni zao. Malipo yalikuwa sarafu hizo zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Sarafu moja ni sawa na nyingine. Mboni ya mtu haina mfano. Neno la siri likiibwa hubadilishwa, jicho halibadilishwi. Serikali ilisimamisha kazi hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Siwalaumu waliopiga foleni: gharama ya maisha ilikuwa imewabana. Lawama ni ya aliyepanga bei akijua kwamba njaa haina muda wa kusoma masharti.

Kwa hiyo, tunapoambiwa kwamba teknolojia mpya italinda mali yetu, tuanze kwa kuuliza nani anaandika kwenye daftari, nani anaweza kulifuta, na mwananchi aliyedhulumiwa atamshtaki nani, katika mahakama ipi. Kampuni za ardhi zilizobaki na wanachama wasiopata ploti zao zilazimishwe kufungua madaftari yao hadharani kabla hayajaingizwa mtandaoni. Na alama za mwili wa mtu zisiruhusiwe kununuliwa kamwe, hata akikubali, kwa sababu ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa.