Lubumbashi: Depo ya bunga iwekwe wapi? Hesabu inayogusa bukari ya Bel-Air

Kabla bunga haijafika kwenye sufuria katika mtaa wa Bel-Air, komine ya Kampemba, imeshapakiwa na kushushwa mara nyingi, na kila hatua inaongeza bei. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga inayoliwa Lubumbashi hutoka Zambia, kupitia Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka mjini.

Mahali pa kuweka depo panaweza kupunguza gharama hiyo. Tuchukue mfano wa muuzaji wa jumla. Akiwa na depo moja, analipa dola 300 za nyumba na dola 900 za usafiri kwa mwezi: jumla 1.200. Akiwa na depo mbili, nyumba ni 600 lakini usafiri unashuka hadi 500: jumla 1.100. Akiongeza ya tatu, nyumba ni 900 na usafiri 350: jumla inapanda hadi 1.250. Kwa hiyo mbili zinatosha. Kwa mji mzima, wenye mitaa na barabara nyingi, kompyuta ndiyo inayolinganisha njia hizo zote.

Lakini hesabu hujibu swali lililoulizwa tu. Mwaka 1964, mtaalamu Hakimi wa Marekani alionyesha kwamba kuna maswali mawili tofauti: depo ipunguze safari za watu wote kwa jumla, au imsogelee mteja anayekaa mbali zaidi? Swali la kwanza huvuta depo kwenye masoko makubwa. Mama anayekaa pembeni hubaki kulipa pikipiki ya kubeba mfuko wake, na pesa hiyo haionekani katika vitabu vya muuzaji.

Kuna pia hatari ya mpaka. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache, baada ya Kinshasa kukataza bia na vinywaji baridi kutoka huko. Siku kama hizo, depo yenye gharama ndogo lakini isiyo na akiba haisaidii mtu.

Kwa hiyo, pamoja na kodi ya nyumba na mafuta ya gari, hesabu inapaswa kuingiza mambo mengine matatu: barabara zinazoharibika wakati wa mvua, akiba ya siku za mpaka kufungwa, na pesa ya pikipiki anayolipa mnunuzi.