Maji ya Bahari kwa Kinu cha Nyuklia: Ndoo ni Bei Gani?

Anayenadi kinu cha nyuklia siku hizi haishii kwenye umeme. Atakwambia kinu hicho hicho kitakupa joto, kitakupa maji matamu kutoka baharini, na pengine haidrojeni juu yake. Hadanganyi. Ila mnunuzi ana haki ya kutajiwa bei ya kila bidhaa peke yake.

Kwenye joto, mnadi ana hoja nzito. Kinu hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Linalobaki hutupwa, mara nyingi baharini. Haiyang, mji wa pwani ya China, tangu mwaka 2019 wanachota sehemu ya mvuke wa kinu chao na kupasha nao maji yanayopita kwenye mabomba hadi majumbani. Mwaka 2021 mji ulipounganishwa wote, boila 12 za makaa ya mawe zilizimwa na ada ya wakazi ikashuka kwa yuan 1 kwa kila mita ya mraba. Safi sana. Lakini nani Malindi au Tanga anataka nyumba yake ipashwe joto?

Kwetu pwani kiu ni ya maji. Mfano mkongwe ni Aktau, Kazakhstan, mji wa jangwani kando ya Bahari ya Kaspi, ambako kinu cha BN-350 kilisaidia kugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa kuanzia 1973 hadi 1999. Walikuwa wakiyachemsha na kukusanya mvuke, kazi inayokula makumi ya uniti za joto kwa kila uniti ya maji, yaani lita 1,000. Leo maji husukumwa kwa nguvu kupitia chujio laini, na uniti hiyo hiyo hutoka kwa uniti 3 hadi 4 za umeme. Abu Dhabi wanacho kinu, Barakah, lakini mtambo wao mkubwa wa Taweelah unachuja. Bei ya mkataba wake wa 2019 ilikuwa kama senti 49 za dola kwa ndoo 50 za lita 20: takriban senti moja kwa ndoo, kabla hujalipia bomba, pampu na mwenye mkokoteni.

Na chujio halichagui umeme. Ukifuata makadirio ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi ya 2014, uniti moja ya maji iliyochujwa kwa umeme wa makaa ya mawe inabeba karibu kilo 3 za kaboni. Kwa nyuklia ni gramu 42 hivi, kwa jotoardhi kama la Olkaria, Kenya, ni 130, kwa jua chini kidogo ya 170. Nyuklia inashinda, lakini tofauti na jotoardhi ni ndogo mno kuweza kuamua ununuzi. Maji mazito ya chumvi yanayorudishwa baharini ni yale yale kwa wote. Kinu kinaongeza yake: maji ya uvuguvugu mfululizo, mashimo ya urani, na fueli iliyotumika, ambayo Wafini wameichimbia makao mwambani zaidi ya mita 400 chini ya ardhi.

Halafu kuna namna ya kulipa. Chujio unaweza kununua dogo la hoteli au kijiji, ukaongeza baadaye. Kinu huwezi kukinunua kipande kipande. Huko Georgia, Marekani, vinu viwili vipya vya Vogtle vilikamilika 2023 na 2024 vikiwa vimegharimu zaidi ya dola bilioni 30, na wateja walianza kukatwa gharama za mkopo kwenye bili miaka mingi kabla ya kupata umeme wake.

Nchini Kenya, wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu kilichopangwa jirani na hifadhi ya bahari ya Watamu. Mwaka uliofuata mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Huko maji ni matamu tayari. Mnadi itabidi atafute bidhaa nyingine ya kuongeza kwenye kapu.