Kompyuta Ikae Wapi Nyumbani?

Wazazi wakizungumza kuhusu watoto na simu, mazungumzo huishia kwenye muda. Mtoto aangalie kwa dakika ngapi? Izimwe usiku saa ngapi? Ni maswali ya haki, lakini kwa sisi tunaopenda kuifungua kompyuta, kuiunga upya na kuiandikia programu, kuna maswali mengine yanayostahili kutangulia. Kifaa kilekile, kwa muda uleule, kinaweza kuwakutanisha watu wa nyumba moja au kuwatawanya kila mtu chumbani kwake. Tofauti inatokana na mambo mawili: kifaa kimewekwa wapi, na nani ndani ya nyumba ana ruhusa na ujuzi wa kukifungua. Miaka 50 ya kompyuta za nyumbani imetuachia ushahidi wa kutosha juu ya hilo, ingawa mara nyingi hatuusomi pamoja.

Tuanze Uingereza, ambako kompyuta iliingia sebuleni mapema na kwa wingi. Mwaka 1981 kampuni ya Clive Sinclair ilitoa ZX81 kwa pauni 69.95, na aliyekuwa tayari kulehemu vipande mwenyewe aliipata kwa pauni 49.95. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1, nafasi isiyotosha kuhifadhi aya hii unayoisoma. Haikuwa na kioo chake. Ilichomekwa kwenye televisheni ya familia, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki. Umaskini huo wa vifaa ulikuwa na faida ambayo haikupangwa na mtu. Palipokuwa na televisheni moja, kijana hakuweza kujifungia na kompyuta yake: ilimpasa apatane na wenzake kuhusu taarifa ya habari na mpira, na alichokifanya kilionekana na kila aliyepita. Tena mashine ilipowashwa haikuleta mchezo ulio tayari. Ilingoja mtu aandike amri kwa lugha ya BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Majarida yalichapisha programu nzima mstari kwa mstari, msomaji akae azinakili kwa mkono. Mkato mmoja ukikosewa programu hugoma, na kosa la namna hiyo hupatikana upesi mmoja anaposoma na mwingine anapochapa. Januari 1982 BBC ilianza kurusha vipindi vya The Computer Programme, vilivyoambatana na kompyuta ya BBC Micro iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn mjini Cambridge. Walengwa wakuu wa vipindi hivyo walikuwa watu wazima, na jambo hilo halipewi uzito unaostahili: mzazi alifundishwa wakati uleule mtoto anajifunza.

Kisha mpangilio ukabadilika. Miaka ya 1990 mashine za michezo zilizofungwa kabisa zilichukua nafasi ya kompyuta za bei nafuu, na kompyuta ya nyumbani ikawa chombo cha gharama chenye hesabu za baba na barua za kazi, ambacho mtoto alikatazwa kukichezea asije akakiharibu. Katikati ya miaka ya 2000, Eben Upton na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge waliona idadi ya vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta ikipungua, na waliokuja walikuwa wameandika programu chache kuliko waliowatangulia. Maelezo waliyoyatoa hayakuishia shuleni, yaligusa nyumba pia: mashine ambayo mtoto angeweza kuivuruga bila kugombezwa ilikuwa imetoweka. Jibu lao lilikuwa Raspberry Pi, bodi ndogo inayolingana na kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, toleo lake kamili likiwa kwa dola 35. Nayo huchomekwa kwenye televisheni. Kwa maoni yangu, sifa yake kubwa ni kwamba mfumo wake wote unakaa kwenye kadi ya kumbukumbu inayochomolewa. Mtoto akivuruga kila kitu, kadi inaandikwa upya na hakuna hesabu ya mtu iliyopotea.

Ushahidi wa madhara ya kompyuta na intaneti nyumbani nao unafaa kusomwa kwa utulivu. Kuanzia mwaka 1995 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walizipa familia za mji wa Pittsburgh kompyuta na intaneti, wakawafuatilia watu 169 katika kaya 73 kwa mwaka mmoja hadi miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalishtua wengi: waliotumia intaneti zaidi walipunguza mazungumzo na watu wa nyumbani mwao, na upweke na huzuni viliongezeka kidogo. Mwaka 2002 watafiti haohao walichapisha ufuatiliaji wao, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilikuwa imefifia. Katika kundi jipya la watu waliowachunguza, wachangamfu na wenye ndugu wa kuwategemea walinufaika na intaneti, huku wakimya na wenye msaada mdogo wakipata kinyume chake. Wapo wanaosema kwamba utafiti wa pili umethibitisha hofu ya kwanza ilikuwa bure. Mimi nauona ukisema jambo zito zaidi: mashine ilikuza kile ilichokikuta. Nyumba yenye mazungumzo ilipata ya kuzungumza zaidi, na asiye na mtu alizidi kuwa peke yake. Ikiwa hivyo ndivyo, familia haiwezi kukiachia kifaa kiamue chenyewe mahali pake, kwa sababu mahali hapo ni sehemu ya kile kitakachokuzwa.

Hakuna ushahidi unaolionyesha hili waziwazi kama ule wa Jane Margolis na Allan Fisher, pia wa Carnegie Mellon. Kuanzia mwaka 1995 waliwahoji wanafunzi zaidi ya 100 wa sayansi ya kompyuta kuhusu maisha yao kabla ya chuo. Walichokipata kinaumiza. Mara nyingi kompyuta ya familia ilikuwa imewekwa chumbani kwa mtoto wa kiume, hata pale dada alipoipenda pia. Baba na mwana waliifungua pamoja. Binti aliangalia akiwa mlangoni, au aliomba zamu. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Kitanda cha kaka kilikuwa karibu na mashine, chake kilikuwa mbali, na baada ya miaka kumi tofauti hiyo ya hatua chache ilifika chuoni ikiitwa kipaji. Nchini Marekani wanawake walikuwa asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka 1984. Kufikia 2010 walikuwa takriban asilimia 18. Siwezi kuulaumu mpangilio wa vyumba peke yake, maana matangazo ya biashara, walimu na soko la ajira vilichangia. Lakini anguko hilo lilianza katika miaka ileile kompyuta zilipoingia nyumbani, na Carnegie Mellon ilipoacha kumhesabia mwombaji uzoefu alioupata nyumbani kama sharti, na kubadili namna ya kufundisha wanaoanza, wanawake waliojiunga walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Vipaji vilikuwepo muda wote. Ndiyo sababu nakasirika ninaposikia mzazi akisema binti yake hapendi kompyuta, kabla ya kuuliza kompyuta ilikuwa chumbani kwa nani.

Kwetu Afrika Mashariki historia ilichukua njia nyingine. Amri ya serikali ya mwaka 1974 ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Enzi ya kompyuta iliyochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni ilipita bila kugusa nyumba nyingi. Kwa familia nyingi za kwetu kompyuta ya kwanza ni simu janja, na simu janja ilikuja ikiwa tayari ni mali ya mtu mmoja, yenye laini yake, nywila yake na bando lake. Redio ilikuwa imetuzoesha vingine, maana ilisikilizwa na wote waliokuwa karibu. Hata ujuzi wa kuifungua simu tunao, ila uko kwenye meza za mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, siyo nyumbani. Kijana anayebadilisha kioo na kulehemu sehemu ya chaji anajua kuhusu kifaa hicho mambo ambayo mwenye nacho hajawahi kuyafikiria. Jirani yake mwenye simu tatu nyumbani hajawahi kuona ndani ya hata moja.

Hapa kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Simu hiyohiyo ya mtu mmoja ndiyo iliyoziunganisha familia zilizotawanyika. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mtoto aliye mjini hutuma ada ya mdogo wake kijijini kwa dakika moja, kazi iliyokuwa ikitegemea dereva wa basi na bahati. Bibi asiyesoma hupokea ujumbe wa sauti kutoka Muscat na kujibu kwa sauti yake. Mwenye kuziita simu adui wa familia hajaishi mbali na kwao. Nakubali yote hayo bila kusita. Lakini umbali wa kilomita 1,000 na umbali wa kuta mbili ni matatizo mawili tofauti, na dawa ya la kwanza haitibu la pili. Simu ni ya mtu mmoja kwa sababu anayetafutwa ni mtu mmoja, mahali popote alipo. Watu walio chini ya paa moja hawahitaji kutafutana kwa namba. Wanahitaji kitu cha kufanya pamoja, na simu haina nafasi ya mikono miwili zaidi.

Pingamizi la pili ni la faragha, nalo hutolewa zaidi na vijana wenyewe: kompyuta ya sebuleni ni kuchungulia maisha yao. Kijana anahitaji pa kuandika asichotaka mama yake akisome, na mzazi mwenye busara humwachia. Ila tupime vizuri faragha anayoipata chumbani. Simu inayofichwa mama huwa haifichwi kampuni iliyotengeneza programu zilizomo, ambazo hurekodi nini kimetazamwa, kwa muda gani, na mara nyingi mwenye simu alikuwa wapi. Mlango umefungwa upande wa familia na umeachwa wazi upande wa wageni. Mtu aliyewahi kufungua mipangilio ya kifaa chake, akaondoa ruhusa ya eneo na ya maikrofoni moja baada ya nyingine, anajua faragha hulindwa kwa ujuzi. Ujuzi huo hufundishwa na mtu aliyekaa kando yako. Kijana akishaupata, mlango wake wa chumbani una maana.

Wengine watasema kwamba wapenzi wa kompyuta wenyewe ndio wanaozisahau familia zao, wakikesha na nyaya. Wapo. Wanaofanya hivyo huwa wamehamishia meza yao mahali ambapo hakuna mwingine anayefika, na hilo linatilia nguvu hoja yangu.

Gharama nayo ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nyumba nyingi za mjini tayari zina televisheni, na kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye mfumo wa Linux usiolipiwa, hufanya kazi ileile ya Raspberry Pi. Kwa asiyemudu bando la kila siku kuna Kiwix, programu ya bure inayohifadhi Wikipedia ya Kiswahili yote nyumbani na kumwezesha kuisoma bila intaneti. Kwa watoto kuna Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, inayopanga amri kama vipande vya rangi, nayo hufanya kazi kwa Kiswahili pia. Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni picha za familia. Picha za harusi, za msiba na za wazee ziko leo kwenye simu zinazoibwa na kuanguka majini, au kwenye akaunti ambayo nywila yake anaijua mtu mmoja. Kuzikusanya kwenye diski ya nyumbani, na nakala ya pili kwa shangazi, ni kazi ya watu watatu au wanne: mmoja anakili, mwingine anachapa majina, na bibi ndiye pekee anayejua yule aliyesimama nyuma ya bwana harusi ni nani. Ni kazi ya kompyuta isiyowezekana bila mtu asiyejua kompyuta. Nywila ya msimamizi, ile inayofungua kila kitu, iandikwe mahali ambapo mama na mabinti wanaifikia, na anayeijua vizuri apewe jukumu la kumfundisha anayemfuata kuibadilisha.