Presha si deni la uzee

Katika miaka ya 1980, vijana wa Kijaluo kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya walikuwa wakipanda mabasi kwenda Nairobi kutafuta maisha, kama kaka zao walivyofanya kabla yao. Huko mjini baadhi yao walikutana na watu waliotaka kuwapima presha. Watafiti wa Kenya na Uingereza, wakiwamo Neil Poulter na Peter Sever, waliandikisha wahamiaji 325 wenye umri wa miaka 15 hadi 34, kisha wakatafuta vijijini vijana 267 wa rika hilohilo ambao hawakuhama. Makundi yote mawili yalipimwa tena na tena kwa kipindi kilichofika miaka 2: presha, uzito, mapigo ya moyo, hata mkojo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Waliohamia mjini walikuwa na presha ya juu kuliko wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo haikusubiri miaka; ilijitokeza ndani ya miezi michache. Mkojo wao ulieleza sehemu ya sababu. Sodiamu, ambayo huingia mwilini hasa kupitia chumvi, ilikuwa imeongezeka. Potasiamu, ambayo hutoka kwenye mboga za majani, matunda, viazi na jamii ya kunde, ilikuwa imepungua. Uzito ulikuwa juu kidogo, na moyo ulidunda haraka zaidi.

Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo kila nikilisoma hunishtua upya. Waliopanda presha hawakuwa wachache wenye bahati mbaya. Kundi karibu zima lilisogea juu kwa pamoja. Kijana wa miaka 20, hana kitambi, hana mvi hata moja, ameanza kibarua wiki chache zilizopita, na tayari mishipa yake imeanza kubeba mzigo ambao mwenzake aliyebaki kijijini hakuujua.

Naukumbusha utafiti huu kwa sababu bado tunazungumza kuhusu presha kana kwamba haukuwahi kufanyika. Mzee akikutwa na 160 kwa 95, jamaa zake humtuliza kwamba ni umri tu, kila mtu ataufikia. Mwingine husema ni ya ukoo. Mwingine, na huyu wakati mwingine ni mtu aliyesoma, husema sisi watu weusi ndivyo tulivyoumbwa. Kauli zote tatu zina tokeo moja: anayezisikia hukunja mikono.

Ushahidi wa kuzipinga ulianza kukusanywa mapema sana, na ulikusanywa hapahapa kwetu. Mwaka 1929 daktari wa kikoloni C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya wanaume wapatao 1,000 wa Kavirondo Kusini, eneo la Kisii na pembezoni mwa ziwa. Hadi kufikia umri wa miaka 40 hivi presha zao zilifanana na za Wazungu. Baada ya hapo njia zilitengana: za Wazungu ziliendelea kupanda, za wale wanaume hazikupanda, kwa wazee zilielekea kushuka. Katika wagonjwa 1,800 waliolazwa kwenye hospitali yake kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Makala yake imejaa lugha ya kikoloni ya zama zile, lakini namba zake zilisema jambo ambalo vitabu vya tiba vya Ulaya havikulitarajia: mtu anaweza kuzeeka bila presha kupanda.

Baadaye, katika miaka ya 1960, A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, aliwageukia Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Wafugaji hawa waliishi kwa maziwa zaidi ya kitu kingine chochote, na presha zao hazikupanda kwa kadiri walivyozeeka. Lakini morani walioingia jeshini wakaanza kula mgao wa jeshi, uliokuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoizoea, na presha zao zikapanda. Kabila ni lilelile, boma ni lilelile, pengine hata mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni sahani na mwenendo wa siku.

Na kuhusu rangi ya ngozi, mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi waliotawanywa na historia ya utumwa. Afrika Magharibi kwenyewe, asilimia 16 ya watu wazima walikuwa na presha. Katika visiwa vya Karibi, 26. Nchini Marekani, 33. Sisemi urithi hauna nafasi. Wapo wanaozaliwa katika familia ambazo presha huwaandama, na hao wanapaswa kuanza kupimwa mapema. Ila urithi hauwezi kupandisha namba za kundi zima la vijana ndani ya miezi sita tangu waliposhuka kwenye basi.

Ni vizuri tuelewe presha inafanya nini ndani ya mwili, maana mtu asiyeuona ugonjwa wake huona tabu kuuogopa. Ateri si mabomba makavu. Ukuta wa aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, umefumwa kwa nyuzi za elastini zinazovutika na za kolajeni zinazokaza. Moyo ukisukuma damu, aota hutanuka na kuipokea. Moyo ukipumzika, aota hurudi na kuisukuma damu mbele. Kwa hiyo damu hufika kwenye ubongo na figo ikitiririka kwa utulivu. Ndani kabisa upo utando laini unaotoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Presha ikikaa juu kwa miaka, elastini hukatikakatika, kolajeni huongezeka, na ukuta hugeuka kama mpira wa manati ulioachwa juani: ukiuvuta hauvutiki, na ukirudi haurudi ulivyokuwa. Madaktari hupima ugumu huo kwa kuangalia wimbi la pigo la moyo linasafiri kwa kasi gani kwenye aota. Kwa kijana mwenye afya ni mita 5 au 6 hivi kwa sekunde. Likizidi mita 10, aota huhesabiwa kuwa imeshaumia. Damu sasa hufika kwa kishindo kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo, ambayo haikuumbwa kuhimili kishindo. Ubaya ni kwamba aota ngumu nayo huipandisha namba ya juu ya presha, na namba hiyo huzidi kuikaza aota. Mzunguko huo unaendelea kimyakimya. Kichwa hakiumi, kifua hakibani, na mtu hulima, huuza duka, huongoza swala, mpaka siku mdomo unapopinda upande mmoja na mkono kukataa kuinuka.

Siku hizo kwetu si chache. Utafiti uliofanyika Hai, mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Idadi hiyo ya Dar ilikuwa miongoni mwa kubwa zilizowahi kuripotiwa duniani. Presha haikuwa peke yake. Sigara, kisukari na maambukizi ya VVU vilikuwamo kwenye orodha ya visababishi. Lakini ilikuwamo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kijiji bado ni kimbilio. Uchunguzi wa miaka ya 1990 katika kijiji cha Shari, Hai, na katika wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, ulikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 wana presha ya 140 kwa 90 au zaidi, mjini na kijijini sawasawa. Kijiji cha Donnison kilikuwa kimeshatoweka. Katika hao wenye presha, chini ya mmoja kati ya watano alijua kuwa anayo. Mmoja hivi kati ya kumi alikuwa akitumia dawa. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja kati ya mia.

Hiyo namba ya mwisho inaniuma kuliko zote, maana dawa zilikuwapo tayari. Mwaka 1967 Edward Freis na wenzake katika hospitali za maveterani wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio ya wanaume 143 wenye presha kali sana. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa. Katika kundi lisilopewa dawa, 27 walipatwa na madhara mazito. Katika kundi la dawa, 2. Tangu wakati huo daktari hana tena haki ya kuiangalia presha ikipanda bila kuitibu.

Swali lililobaki lilikuwa ni dawa ipi inatufaa sisi. Kwa muda mrefu miongozo yetu ilitegemea majaribio ya Ulaya na Marekani. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, uliwapima Waafrika weusi 728 wa Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kamerun na Afrika Kusini. Dike Ojji wa Abuja aliongoza uandishi wake. Bongani Mayosi wa Cape Town, mmoja wa waasisi wake, alifariki mwaka 2018 kabla haujachapishwa. Walilinganisha jozi tatu za dawa zinazopatikana sana: amlodipini na haidroklorothiazaidi, amlodipini na perindoprili, na perindoprili na haidroklorothiazaidi. Baada ya miezi 6, jozi mbili zenye amlodipini zilishusha namba ya juu kwa takriban milimita 3 za zebaki zaidi ya jozi isiyokuwa nayo. Milimita 3 kwa mtu mmoja si kitu cha kusimulia. Katika nchi nzima ni maelfu ya watu ambao hawatapooza. Na amlodipini ni dawa ya bei nafuu.

Lakini kidonge hakiwezi kumsaidia mtu ambaye namba yake ilichukuliwa vibaya. Chungulia kliniki yoyote yenye foleni. Mama ameshuka kwenye bodaboda, amepanda ngazi, hajapata nafasi kwenye benchi, jina lake linaitwa. Mkanda wa mashine unafungwa juu ya mkono wa gauni. Mkono unaning'inia. Wakati mashine inajaza hewa anaulizwa namba ya simu na mara ya mwisho alikuja lini. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuipandisha namba. Alitakiwa kukaa dakika 5 mgongo ukiwa umeegemezwa, kibofu kikiwa kitupu, mkono wazi ukiwa mezani usawa wa moyo, bila kuongea, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Haya hayahitaji bajeti ya wizara. Yanahitaji kiti na dakika 5, na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuyadai.

Jikoni nako kuna kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa ile iliyomo kwenye mkate, viungo vya paketi na samaki wa chumvi. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi nayo ni sodiamu, hata kama hayana ladha ya chumvi. Wanaokula makande kila siku wasiyasahau kwenye hesabu. Na yale waliyoyaona Poulter na wenzake kwenye mkojo wa wahamiaji yamejaribiwa upande wa tiba. Katika vijiji 600 vya China, watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na kuendelea wakiwa na presha waligawanywa: kundi moja liliendelea na chumvi ya kawaida, jingine likapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 katika kundi la pili. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse chumvi ya namna hiyo bila ushauri wa daktari, kwa kuwa potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Kwa wengine wengi, mchicha, matembele, viazi vitamu na ndizi huongeza potasiamu hiyohiyo bila kupitia dukani.

Tangu mwaka 2019 orodha ya WHO ya dawa muhimu inajumuisha vidonge vinavyounganisha dawa mbili za presha katika kidonge kimoja, kwa sababu mgonjwa anayemeza kidonge kimoja huacha dawa mara chache kuliko anayemeza vitatu. Ojji ameendelea mbele: mwaka 2024 alichapisha matokeo ya wagonjwa 300 wa Abuja waliojaribu kidonge chenye dawa tatu kwa dozi ndogo, na presha zao zilishuka zaidi kuliko za waliofuata utaratibu wa kawaida. Anayekwenda kliniki wiki hii na vifuko vyake vitatu vya vidonge asibadilishe chochote kwa kujiamulia, bali amuulize daktari maswali mawili: je, amlodipini imo, na je, dawa hizi zinapatikana zikiwa zimeunganishwa?