Chujio la Hewa: Kupuliza au Kubadilisha?

Ndugu zetu mnaoendesha na kutengeneza mitambo mizito katika nchi za jirani, jambo tunaloleta safari hii laonekana dogo, lakini limekwisha kuwatia wenzetu wengi matatani. Ni jambo la chujio la hewa la injini, ambalo wengi wetu twaliita filta. Likichafuka, je, lipulizwe upepo na kurudishwa, au litupwe na kuwekwa jipya?

Mambo huenda hivi. Ni kiangazi, na greda inakwangua barabara ya changarawe kutwa. Stoo hakuna filta mpya, kwa hiyo msimamizi aagiza ile ya zamani ipulizwe kwa kompresa. Baada ya miezi michache injini yaanza kula oili, yatoa moshi wa buluu na kupungua nguvu. Ikifunguliwa, silinda na ringi za pistoni zimelika. Hapo aliyetoa amri ya kupuliza haonekani. Anayeandikiwa barua ya onyo ni dereva, kwa kosa la kutotunza mtambo.

Ili kuchoma lita 1 ya dizeli, injini huhitaji hewa isiyopungua lita 10,000. Hewa hiyo yote hupita katika karatasi iliyokunjwakunjwa ya chujio. Vumbi la barabarani na machimboni huwa na chembe za kwatzi, yaani mchanga mgumu kuliko chuma cha kawaida. Tundu dogo lisiloonekana upesi kwa macho latosha kuzipitisha, nazo zikichanganyika na oili hufanya kazi ya msasa ndani ya silinda.

Desturi ya kusafisha haikuzuka bure. Mitambo ya zamani ilikuwa na chujio la bakuli la oili. Fundi aliliosha, akatia oili mpya, na kazi ikaendelea. Yalipokuja machujio ya karatasi, desturi ile ikabaki. Lakini karatasi si bati. Upepo mkali huipasua, na kuligongagonga chujio kwenye tairi hupinda kingo zake hata raba isizibe tena.

Hatusemi kwamba kupuliza kumekatazwa kila mahali. Yako makampuni yanayotengeneza mitambo ambayo huruhusu chujio la nje lipulizwe mara chache, kutoka ndani kuelekea nje, kwa upepo usiozidi paundi 30 kwa inchi ya mraba, kisha limulikwe kwa taa kutafuta matundu. Mengine hukataza kabisa. Kompresa ya karakana hutoa upepo wa paundi 100 na zaidi, kwa hiyo pasipo kifaa cha kuupunguza kazi hiyo isianzwe. Na lile chujio la ndani, la usalama, halisafishwi kamwe, hubadilishwa tu. Neno la mwisho ni la kitabu cha mtambo wenyewe, si la msimamizi.

Wala si vizuri kubadilisha ovyo. Chujio lililokwisha kushika vumbi kiasi huchuja vizuri zaidi kuliko jipya, maana vumbi lililotangulia huzuia linalofuata. Tena kila tufunguapo kasha lake twaweza kuingiza uchafu sisi wenyewe. Kwa hiyo tusiamue kwa kulitazama chujio, bali tuangalie geji yake. Ikionyesha nyekundu, wakati umefika. Geji ikiwa mbovu, tudai nyingine.

Liko na jambo zito kuliko injini. Anayetumwa kupuliza mara nyingi ni spanaboi, naye husimama katikati ya wingu la vumbi amejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii vumbi laini la kwatzi. Likizidi mapafuni huleta ugonjwa uitwao silikosisi, usio na dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi hilo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Waajiri hupiga hesabu ya bei ya filta, na pengine ya injini. Kifua cha kijana yule hakimo katika hesabu hiyo.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Wasema pia kwamba mfanyakazi aliyejitoa katika hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za haki, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi.

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo manne. Kwanza, kitabu cha kila mtambo kiwepo karakanani, na maelezo yake yafasiriwe kwa lugha tunayoielewa. Pili, filta za akiba, za nje na za ndani, ziwepo stoo kabla ya kiangazi. Tatu, asipulize mtu pasipo barakoa halisi ya vumbi, wala karibu na wenzake. Nne, kila amri ya kupuliza iandikwe katika daftari la mtambo, pamoja na tarehe, saa za injini na jina la aliyeitoa. Akikataa kuandika, mwambieni mwakilishi wenu siku hiyo hiyo, msingoje injini ife. Daftari hilo ndilo litakalomtetea dereva siku atakapoitwa ofisini.