Feza ya zamani na mukanda wake: sherti viende pamoja

Wasomaji wetu, juma lililopita papa mmoja wa Kamalondo aliingia ofisini kwetu na kitambaa chenye fundo. Alifungua fundo polepole, akatoa feza moja nzito yenye picha ya tembo. Ilikuwa franka 50 ya mwaka 1944, ya wakati wa Wabelgiji. Baba yake aliipata alipokuwa akifanya kazi kwenye mgodi, akaiweka, asiitumie mpaka kufa kwake.

"Bana betu," akasema, "mutoto wangu mwenye kuwa ku Amerika aliniambia asema: Papa, ile feza batailipa bei ya muzuri, lakini sherti ikuwe na sertifika. Sasa sertifika ya feza inatokaka wapi? Ni ku commune?"

Tulicheka pamoja naye, lakini swali lake ni la maana. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi za hapa kwetu sarafu kama hizi zimelala ndani ya masanduku. Basi tulitafuta habari ya mikanda ile, na leo tunawaeleza tuliyoyapata.

Mikanda ilianzia Washington

Wamarekani wengi wanapenda kukusanya sarafu za zamani. Chama chao kikubwa, American Numismatic Association, kilianzishwa mwaka 1891. Bei za sarafu zilipopanda, wadanganyifu nao wakaongezeka. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kuachana sana kwa bei juu ya herufi moja ndogo inayoonyesha mji ambamo ilipigwa. Wadanganyifu wakabandika herufi ile kwenye sarafu ya bei ya chini, ao wakaipalua pale isipotakiwa. Wengine walipiga sarafu nzima za bandia, hata kwa dhahabu ya kweli.

Juu ya ile, mwaka 1972 chama kilifungua mjini Washington ofisi ya kuchunguza sarafu, iliyoitwa ANACS. Mtu alituma sarafu yake, mafundi wakaichunguza na kuipiga picha pande zote mbili. Kama ni ya kweli, ilirudi kwa mwenyewe pamoja na mukanda wenye picha zile, namba ya kuandikishwa, tarehe na maelezo.

Mwanzoni mukanda ulisema neno moja tu: hii ni ya kweli. Mwaka 1976 ofisi ilihamia Colorado Springs, na kuanzia mwaka 1979 ikaongeza neno la pili: hali ya sarafu, ni kusema imelika kadiri gani. Walitumia hesabu ya 1 mpaka 70. Hesabu hiyo ilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Kwenye 1, sarafu imelika karibu isitambulike. Kuanzia 60, haikupita mikononi mwa watu sokoni. Kwenye 70, haina kasoro hata moja. Tena ANACS walipima kila upande peke yake, kama mwalimu anayetoa pointi mbili: mbele 63, nyuma 65.

Mukanda ulipoachwa yatima

Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ilileta namna ingine, na mwaka 1987 NGC ikafuata. Hawa walifungia sarafu yenyewe ndani ya kisanduku cha plastiki, pointi na namba zikiwa mle mle. Wafanya biashara walikipenda sana. Kisanduku hakianguki nyuma ya kabati kama karatasi, na kukifungua bila kukivunja ni vigumu. Mwaka 1989 hata ANACS wenyewe wakaanza kufanya vile.

Wenye sarafu wengi wakazituma zifungiwe upya. Na mikanda ya zamani? Mingine ilitupwa, mingine ikabaki kwenye droo bila sarafu yake. Njo maana siku hizi kuna watu wanaotafuta mikanda yenyewe, zaidi ile ambayo haijaachana na sarafu yake.

Mtu anaweza kuuliza: karatasi ya nini tena, kama sarafu iko? Sababu ya kwanza ni picha. Mukanda wa mwaka 1980 unaonyesha uso wa sarafu siku ile. Kama leo iko na mkwaruzo ambao haupo kwenye picha, tunajua mkwaruzo ulikuja nyuma. Sababu ya pili ni kwamba macho ya mafundi yanabadilika. Sarafu iliyopewa 65 zamani inaweza kupewa pungufu leo, ingawa haijaguswa. Mukanda si sheria ya Musa. Ni mawazo ya watu fulani, siku fulani, na mwenye kukusanya mikanda ya miaka mbalimbali anaona ginsi mawazo yale yalivyogeuka.

Lakini hapo hapo kuna mtego. Mukanda usio na sarafu unaweza kuwekwa pamoja na sarafu ingine. Sisi watu wa huku tunajua habari hiyo. Ni wangapi walionunua parsele kwa mukanda mzuri wenye muhuri, kiisha wakakuta mukanda ni wa parsele ya jirani? Karatasi haikusema uongo, ila ilisema habari za kitu kingine.

Kwa hiyo anayenunua sarafu pamoja na mukanda wa zamani sherti aviweke bega kwa bega. Asitazame sura ya mfalme ao tembo, kwani sarafu zote za aina moja ziko na sura ile. Atazame alama zake yenyewe: kovu kwenye ukingo, nukta chini ya herufi, mkwaruzo mdogo shavuni. Kama kwenye picha kuna kovu na kwenye sarafu hakuna, asitoe feza yake. Hata visanduku vya plastiki vinaigwa sasa. Namba yake inatafutwa kwenye intaneti, kwa kampuni iliyoitoa, na picha ikiwapo inalinganishwa vile vile.

Na sarafu za kwetu?

Kampuni hizo zinapokea sarafu za inchi nyingi, za Kongo pia. Ile ya tembo ya 1944 ilipigwa Pretoria, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa sababu ile ile, franka 2 ya 1943 yenye pembe sita ilipigwa Philadelphia. Wako pia wanaotafuta franka 5 ya dhahabu ya Katanga ya 1961, yenye msalaba wa shaba wa mababu.

Turudi kwa papa wetu. Sarafu yake ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Tulimuuliza kama aliisafisha. "Ndiyo, jana, na ndimu na majivu. Sikutaka kubaletea kitu ya buchafu."

Ilitubidi kumwambia ukweli. Kusugua kunaondoa ngozi ya sarafu na kuacha mistari myembamba ambayo fundi anaiona mara moja. Sarafu ya namna hii haipewi pointi zake kamili. Inaandikwa kwamba ni ya kweli, lakini ilisafishwa, na bei inashuka.

Alinyamaza, kiisha akauliza: "Sasa nimeua feza ya baba?"

Hapana, Papa. Sarafu ingali ya kweli. Ina gramu 17.5, nusu yake ni madini ya feza, ni kusema gramu 8.75, na hayo hayakuondoka kwa ndimu. Lakini zilipigwa milioni moja za aina hii. Kuituma Marekani, kulipa uchunguzi na posta ya kurudi, kunaweza kupita bei yake yote. Mutoto wako aulize kwanza bei za huko.

Kwa wasomaji wengine tunasema hivi. Sarafu ya zamani msiioshe, hata kama ni nyeusi. Ishikeni kwa ukingo. Ipigeni picha pande mbili, muandike uzito wake na jina la aliyewaachia. Bahasha, risiti, karatasi yoyote iliyokuja nayo, msiitupe. Na mtu akitaka kununua kwa haraka kwa bei ya madini tu, mwambieni arudi kesho.

Papa aliomba tumpige picha ya sarafu yake. Akaomba karatasi, akaandika mwenyewe jina la baba yake, kazi yake na mwaka aliofariki. Alifunga vyote ndani ya kitambaa kimoja, akatuaga.