Faini ya taa nyekundu: lini tulipe, na lini tuna haki ya kukataa

 

SUALI: Assalaamu 'alaykum masheikh wetu. Mimi ni mama wa hapa Pemba. Mwanangu ni dereva wa Fuso huko Ilagala, Kigoma. Hubeba mawese kupeleka Dar es Salaam na kurudi na bidhaa za madukani. Juzi tajiri wake kaangalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, akakuta deni la kupita taa nyekundu Dar es Salaam. Kijana anasema askari aliyekuwa njia panda ndiye aliyempungia mkono apite, na hakusimamishwa wala kupewa karatasi. Tajiri anataka kumkata mshahara. Wenzake wanamwambia kuna mtu akipewa kidogo analifuta. Wengine wanamwambia aseme siku ile hakuendesha yeye. Mimi nimemwambia alipe tu tupate salama. Tunaomba muongozo.

JAWABU: Wa 'alaykumus salaam wa rahmatullaahi wa barakaatuh. Mama yetu, suali lako limebeba masuali matano ndani yake, na baadhi ni mazito kuliko hiyo faini yenyewe.

Tuanze na taa. Wapo vijana wetu wanaodhani kwamba sheria za barabarani ni mambo ya serikali tu, na kwamba mtu akizivunja bila ya kuonekana hana dhambi. Hilo si sahihi. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilipitisha azimio nambari 71 kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, kwa kuwa ni katika kumtii mwenye mamlaka kwenye lile lenye maslaha ya watu. Asili yake ni Aya ya 59 ya Suratun Nisaa. Hata Ilagala, ambako hakuna taa hata moja na foleni inayojulikana ni ya kusubiri kuvuka mto Malagarasi, kila mmoja anajua kuwa anayechupa zamu ya wenzake amedhulumu. Taa ni zamu hiyo hiyo, ila anayeidhulumu huweza kuua. Na anayeua kwa kukosea huwajibika diya na kafara.

Kuhusu faini ya fedha, wanavyuoni wetu wa zamani walikhitalifiana. Kauli mpya ya Imam Shafi'i na wengi waliomfuata hawakuruhusu kumuadhibu mtu kwa kumchukulia mali. Abu Yusuf katika Mahanafi aliruhusu, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim wakaipa nguvu kauli hiyo. Azimio la Brunei limekubali kuwa anayekhalifu kanuni za barabarani aweza kutozwa fedha. Nasi tunaifuata kauli hiyo, kwa sababu bila ya adhabu barabara zetu zitakuwa machinjio. Kwa hivyo asije mtu akakwepa faini ya haki kwa kisingizio cha madhehebu, hali ya kuwa hajawahi kulifungua jalada la Al-Minhaaj.

Sasa vipi faini yenyewe inavyokwenda. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. (Sisi Visiwani tuna yetu, Sheria ya Usafiri Barabarani nambari 7 ya mwaka 2003, kwa hivyo usichukue utaratibu wa kule ukadhani ndio wa Chake Chake.) Chini ya kifungu cha 95 cha sheria ya Bara, askari anayeamini kuwa umetenda kosa anaweza kukuandikia taarifa ya kosa, nawe ukikubali unalipa na shauri linakwisha bila ya mahakama. Kiwango kilichozoeleka kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa bajaji na bodaboda kilishushwa katika bajeti ya mwaka 2021 hadi 10,000. Ukichelewa kulipa, deni huongezeka.

Neno la kulishika hapo ni "ukikubali". Malipo haya ni njia ya mkato kwa aliyekiri. Asiyekiri ana haki ya kusema sikubali, nipelekeni mahakamani, na huko upande wa mashitaka ndio wenye kuleta ushahidi. Hili linaafikiana na msingi wa fiqhi yetu, kwamba anayedai ndiye mwenye kuleta hoja. Na 'Ali (radhiya Allaahu 'anhu) alipotumwa Yemen kuwa kadhi, Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkataza kuhukumu kabla ya kumsikiliza na mdaiwa wa pili, kama walivyopokea Abu Daawud na At-Tirmidhiy. Basi kudai usikilizwe si ujeuri wala si kumuasi mwenye mamlaka.

Je, kijana ana hoja? Ikiwa anayoyasema ni kweli, anayo tena nzuri. Askari anapokuwa kwenye makutano anaongoza magari kwa mkono, ishara yake ndiyo inayofuatwa, hata kama taa inasema vyengine. Kila aliyewahi kukaa foleni za Dar es Salaam jioni ameyaona haya: taa nyekundu, na askari anaita magari yapite. Aliyepita kwa kuitwa hajavunja sheria. Tabu ni kulithibitisha.

Kwa hivyo afanye haya. Aingie kwenye mfumo wa polisi unaoitwa TMS kwa namba ya gari. Ataona tarehe, mahali, kosa, kiasi na nyongeza ya kuchelewa. Alinganishe na safari yake: hati ya kushushia mzigo ina tarehe, risiti ya mafuta ina saa, na utingo aliyekaa ubavuni ni shahidi. Huenda akagundua siku hiyo gari lilikuwa Ilagala likipakia, na namba imeandikwa kwa makosa. Akishakusanya, aende ofisi ya trafiki ya mkoa hapo Kigoma mjini, aeleze kwa adabu kwamba hakubali kosa na aulize shauri lipelekwe wapi. Asilipe kwanza kisha akalalamika, kwani kulipa ndiko kukubali. Na asikae kimya, deni linakua.

Tunasema wazi pia kwamba njia hii ina gharama. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mahakama ikimtaka afike kule, nauli na siku za kazi zitaipita hiyo 30,000. Tena akishindwa, hakimu anaweza kumpa adhabu iliyo kubwa zaidi. Ndio maana pahala bora pa kukataa ni pale pale barabarani, siku ile ile, mbele ya askari. Huyu hakuipata nafasi hiyo, na hilo nalo alitaje anapojieleza.

Sasa rai yako, mama, ya kulipa tupate salama. Mtu ana ruhusa ya kuisamehe haki yake na kutoa mali yake kuondoa tabu. Kulipa deni lililokwisha kuandikwa, bila ya kutamka wala kutia saini kuwa amekosa, hatuoni dhambi ndani yake. Lakini akiwekewa karatasi inayosema "nakiri nimetenda kosa hili" naye anajua hakulitenda, hapo anatia saini uongo, na nafuu ya safari haiuhalalishi.

Hao wanaomshauri aseme hakuendesha yeye wanampeleka pabaya zaidi. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tushuhudie haki hata iwe dhidi ya nafsi zetu. Na uongo huo hauishii hewani: utamuangukia dereva mwengine. Tukumbuke pia Hadithi ya Ummu Salama katika Bukhari na Muslim, kwamba anayehukumiwa kwa ufasaha wa ulimi wake haki isiyokuwa yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa kijana moyoni anajua kuwa taa aliiona na hapakuwa na askari aliyemwita, basi alipe, hata kama anao mashahidi kumi wa kumuokoa.

Na "mtu wa kufuta" ni rushwa, haina jina jengine. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Wapo wanavyuoni walioruhusu aliyedhulumiwa kutoa ili kuipata haki yake, na dhambi ikawa ya mpokeaji, lakini wameshurutisha asiwe na njia nyengine. Huyu njia anayo, ijapokuwa ndefu.

Imebaki kwa tajiri. Deni limekaa kwenye gari lake, na ana haki ya kuhofia, kwani gari lenye deni husimamishwa njiani. Ila kosa la dereva akithibitika nalo ni la dereva, na asipothibitika halimhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujiamulia mwenyewe. Inahitajika ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, au amri ya mahakama, au ruhusa ya sheria. Waandikiane: tajiri asubiri mpaka ofisi ya trafiki ijibu, na kijana akubali kwamba akionekana na kosa atakatwa kidogo kidogo. Kama tajiri atahiari kulipa yeye ili gari lisikwame Uvinza au Tabora, basi waandike pia kuwa kijana hajakiri, na mazungumzo yaendelee.

Mwambie mwanao atutumie picha ya maelezo ya deni kama yalivyo kwenye mfumo kabla hajatia saini chochote, tuyasome pamoja.

Wallaahu a'lam.